Harufu ya Gari la Gachau

Mtu anayejua kila kitu ni mzigo kwa majirani zake, na Gachau alikuwa mzigo wa ploti nzima ya wapangaji pale Mwiki. Ukimwambia mtoto wako anakohoa, atakwambia ni vumbi la barabara. Ukimwambia redio yako inakwaruza, atakwambia ni ule mlingoti uliosimamishwa upande wa Kamakis. Na ukimwambia gari lako lina shida, basi kaa chini, asubuhi yako imekwisha, maana magari ndiyo yalikuwa somo lake hasa. Alikuwa dereva wa teksi za simu, zile unabonyeza na gari linakuja, na kwa miaka minne aliendesha ka-Vitz kake ka rangi ya fedha bila mtu kumwambia neno baya.

Sasa hilo gari likaanza kunuka.

Na si kunuka uchafu. Gachau alikuwa mtu wa kufuta viti kila jioni, na ukiingia na mkate wa nyama alikutazama kwenye kioo mpaka uurudishe kwenye karatasi. Lilinuka kuungua. Asubuhi likiwa baridi, hakuna kitu. Injini ikishapata moto, harufu inapenya pole pole kwenye matundu ya hewa, na mkikwama kwenye foleni pale Ruiru abiria anashika pua. Wengine walikuwa na adabu, wakafungua dirisha wakisingizia joto. Wengine walishuka, wakamwambia asante sana, Mungu akubariki, kisha wakampa nyota mbili.

Nyota ndizo zilikuwa kesi. Kampuni humpima dereva kwa nyota anazopewa na abiria, na Gachau, aliyekuwa na nne nukta nane na akiitaja hata matangani, sasa alikuwa ameshuka hadi nne nukta tatu. Jumatatu moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake: akishuka chini ya nne nukta mbili kabla ya wiki kwisha, akaunti yake itafungwa, na ikishafungwa haifunguliwi. Aliusoma mara tatu, amesimama nje ya choo na taulo begani. Hakuwa na kazi nyingine. Hakuwa na shamba wala shahada, alikuwa na leseni, lile gari, na mama yake wa kulisha. Aliogopa, na kwa kuwa alikuwa Gachau, aliogopa kwa sauti kubwa akilaumu watu.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Gatanga kukaa wiki mbili tu, apimwe macho Thika. Huu sasa ulikuwa mwezi wake wa nane pale. Macho yalishapimwa, miwani ikapatikana, na habari ya kurudi nyumbani hakuna aliyeitaja. Mama alichukua kitanda, Gachau akahamia kwenye kochi. Hakunung'unika, kwa sababu tangu kaka yake mkubwa, Kagwe, afe kwa ajali ya barabarani miaka mitatu iliyopita, hakuna mtu katika familia aliyethubutu kumwambia yule mama hapana. Naye mama alimheshimu kupita kiasi. Desturi ya Wakikuyu ni kwamba kijana wa pili hupewa jina la babake mama, kwa hiyo Gachau, alivyokaa pale na suruali yake fupi, alikuwa ndiye baba mzazi wa mama yake. Alimwita baba, naye Gachau akamwita maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Alimwekea paja la kuku na kungoja aonje kwanza. Mtu akiitwa baba na mama yake kila asubuhi, si ajabu akadhani anajua kila kitu.

Jumatatu hiyo jioni akamweleza mama yote: harufu, nyota, ujumbe. Mama alisikiliza, miwani imemteremka puani, akauliza harufu yenyewe hutoka upande gani. Gachau akasema ni kwenye injini. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema basi ameelewa, alale, jambo hilo yeye ataliweka mbele za Mungu. Gachau akamwambia aombe sana, tena asiishie katikati. Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumanne harufu ikawa maradufu.

Akaanza safari za mafundi. Wa kwanza, nyuma ya soko la Ruiru, alisema ni belti ya feni, akaibadilisha. Wa pili, Kamakis, alisema ni kifuniko cha rejeta, naye akakibadilisha, na harufu ikabaki palepale ilipokuwa. Wa tatu alikuwa Kahawa Wendani, ana ovaroli safi kuliko koti la daktari. Huyo alizunguka gari mara mbili, akavuta pumzi, akasema kwa huzuni kwamba klachi imeungua. Gachau aliihurumia klachi yake njia nzima mpaka alipokaribia Githurai, ndipo akakumbuka kwamba gari lake ni otomatiki na tangu alinunue hajawahi kukanyaga klachi. Hadi leo hapendi jambo hilo likitajwa.

Jumatano, kabla ya jua kutoka, alienda chooni, akamkuta Wanyoike ameinama mbele ya gari, anashusha boneti pole pole kama mtu anayefunika mtoto. Wanyoike ndiye aliyekuwa mtunza ploti, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, na kila alfajiri aliyaosha magari ya wapangaji. Gachau akamuuliza anatafuta nini huko ndani. Wanyoike akasema alikuwa anapanguza vumbi. Jamani, nani hupanguza vumbi la injini gizani, bila kuombwa? Gachau hakuhitaji kusikia zaidi. Alisimama kando ya tangi la maji, mahali ambapo kila mpangaji lazima apite na ndoo, akatangaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba kuna watu waliowahi kuwa na magari yakawashinda na sasa hawawezi kulala mwenzao akiwa na lake. Asiuone tena mkono wa Wanyoike kwenye hilo boneti.

Wanyoike alikamua kitambaa chake mpaka tone la mwisho. Kisha akasema neno moja tu: "Anza kuuliza kwako nyumbani."

Gachau alilichukua hilo kama tusi kwa mama yake, akakasirika upya. Jioni alimsimulia mama, akitegemea amuunge mkono, lakini mama alikuwa mpole ghafla, akasema Wanyoike ni mtu mzuri, asimhukumu. Gachau akamwambia shida yake ni huruma nyingi. Mama akamkumbusha tu kwamba mafuta ya kupikia yameisha tena. Kibuyu kizima, lita tatu, ndani ya wiki mbili, na walikuwa watu wawili wanaokula sukuma na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Gachau akaeleza kwa kirefu jinsi viwanda siku hizi vinavyojaza vibuyu nusu na kuuza hewa, kisha akaenda dukani kununua kingine.

Alhamisi nyota zilikuwa nne nukta mbili tatu. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye duka la dawa, anatoka Ruiru kwenda Thika. Kabla hawajafika Juja alikuwa ameshafunga pua kwa leso. Gachau akaanza kuomba radhi na kueleza habari ya belti, ya kifuniko na mengine, akiiruka klachi. Yule mama akamkatiza. Akasema mafundi wote hao walikuwa wanaangalia, na shida yake ni ya kunuswa. Aende Makongeni, kulekule Thika, aulize fundi anayeitwa Benta.

Benta alikuwa mwanamke wa Siaya aliyeletwa Thika na ndoa. Ufundi aliuanza kwa kumshikia mumewe tochi, na mume aliporudi nyumbani kulima, yeye akabaki na spana. Hakufungua boneti. Kwanza aling'oa karatasi ya manukato iliyoning'inia kwenye kioo, akaitupa kwenye pipa. Akamtuma Gachau azunguke na gari mpaka lipate moto sawasawa, redio imezimwa. Aliporudi, Benta akasimama mbele ya gari, amefumba macho. Gachau alipoanza kumfafanulia, akamwomba anyamaze, kwa sababu mtu akiongea hapo karibu yeye hasikii harufu.

Kisha akamfundisha, bila haraka, kama mtu anayepanga nyanya. Mafuta ya injini yakidondokea chuma cha moto, yananuka ukali na kukereketa koo. Maji ya rejeta yakivuja, yananuka utamu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Breki ikibana, inanuka kwenye gurudumu, na gurudumu lenyewe linachoma ukiligusa. Waya ukiungua, unanuka plastiki, na huo haungojwi, unazima gari na kutoka. Gachau aliitikia kila moja kana kwamba alikuwa akilijua.

"Sasa hii yako," Benta akasema, "inanuka chapati."

Ndipo akafungua boneti. Alichukua karatasi nyeupe ya shashi, akapangusa juu ya injini na pembeni, pale bomba la moshi linapotokea. Karatasi ikatoka na mafuta ya manjano, mazuri, ukiyatazama unaona hadi upande wa pili. Mafuta ya injini huwa meusi. Akakagua gasketi zinazozuia mafuta yasivuje, zote zilikuwa kavu. Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, yalikuwa kwenye alama yake barabara. Injini yako ni nzima, akasema, haivuji popote. Kuna mtu anaimwagia mafuta ya kupikia kutoka juu.

Gachau akasema anamjua, anaitwa Wanyoike, na alianza kutafuta simu ampigie chifu.

Benta akamuuliza kama huyo Wanyoike ni mtu wa maombi. Akamwelekeza kwa spana upande wa ndani wa boneti. Pale, mahali ambapo mtu mfupi angefika akijinyoosha, palikuwa na msalaba uliochorwa kwa kidole chenye mafuta. Ulikuwa umechorwa juu ya mwingine, na mwingine, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka vumbi limeushika ukawa mweusi. Gachau alijua mtu mmoja tu wa kimo hicho. Alikaa juu ya tairi kuukuu.

Benta hakucheka. Alisema Gachau ni mteja wa nne wa namna hiyo mwaka huu. Tangu mhubiri fulani wa hema aanze kufundisha kwamba gari hupakwa mafuta kwenye moyo wake, na moyo wa gari ni injini, yeye Benta anaosha upako kila baada ya miezi michache. Wengi humwaga mara moja, siku ya kulibariki, na yanaungua yanaisha. Huyu wake anaonekana ana imani kubwa. Akamwambia pia jambo ambalo Gachau hakulipenda: mafuta yakituama pale kwenye bomba, siku ya foleni ndefu yanaweza kushika moto, na moto wa injini hauulizi nani aliombewa.

Akazifunika waya kwa mfuko wa plastiki, akasugua injini kwa brashi, sabuni na maji moto, akaikausha, akaiwasha, akafumba macho tena. Hakuna kitu. Ukaguzi wa mafundi watatu ulikuwa umekosa jambo ambalo mpishi yeyote angelijua akipita.

Njia nzima kutoka Thika Gachau alipanga maneno. Hata gari halikuwa na harufu tena, lakini yeye alikuwa anafuka moshi. Alipofika alimkuta mama anachambua mchele. Hakukaa.

"Maitu, ni wewe unachoma gari yangu."

Akamweleza yote, mafuta ya manjano, bomba, hatari ya moto, akiyasema maneno ya Benta kana kwamba aliyagundua yeye. Akatoa ile karatasi ya shashi mfukoni kama ushahidi mahakamani. Aliuliza ni siku ngapi. Mama akasema ni tangu alipofika, kila asubuhi, na Wanyoike alimfungulia kwa sababu alimbembeleza, na ni yeye mama aliyemwomba Wanyoike asiseme. Chupa ndogo ya mafuta ya upako aliyoitoa kanisani iliisha mwezi wake wa kwanza pale, akawa anajaza ya jikoni na kuiombea mwenyewe. Na tangu Jumatatu, baba aliposema harufu inatoka kwenye injini, aliongeza. Alidhani adui amezidi.

Mama akachukua karatasi, akaitazama kupitia miwani, akaikunja mara nne.

"Kagwe aliponunua ile gari alinipigia simu niende niiombee," akasema. "Nikamwambia Jumapili, wacha kwanza nimalize kuvuna. Akakufa Alhamisi." Akarudisha macho kwenye mchele. "Hii yako sikutaka ingoje Jumapili."

Gachau angeweza kunyamaza, na hilo ndilo linalomuuma mpaka sasa. Lakini mdomo uliozoea kushinda haujui kusimama, akajisikia akisema kwamba mafuta hayo hayo ndiyo yangemuua. Mama akakubali kwa kichwa. Akainuka, akatoa chupa chini ya kitanda, akaipeleka jikoni na kuiweka kando ya chumvi. Usiku huo alikaangia vitunguu mafuta yaleyale, na wote wawili wakala.

Basi, Gachau alishinda. Ijumaa abiria wote walikaa na madirisha yamefungwa. Kufikia Jumapili nyota zilipanda hadi nne nukta nne, na kampuni ikamtumia ujumbe wa kumpongeza kwa bidii yake. Alimwomba Wanyoike msamaha kwa sauti ndogo, kando ya gari. Wanyoike akasema amesamehe, ila pale alipotukaniwa ilikuwa ni kando ya tangi. Ikabidi Gachau aende akasimame kando ya tangi, akaseme tena, watu wamepanga foleni na ndoo. Alisema haraka, lakini alisema.

Shida ni kwamba mama aliendelea kuamka alfajiri. Hakuwa na kazi tena, lakini mwili ulishazoea. Alijifunga shali, akatoka na kusimama karibu na geti wakati Gachau anawasha gari, na hakujua mikono aiweke wapi. Aliiingiza ndani ya shali, akaitoa, akaishika moja kwa nyingine. Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika ingekuwa nafuu, kwa sababu Gachau alikuwa na majibu. Kisha Wanyoike akamwambia, bila kuulizwa, kwamba gari likishatoka mama haingii ndani. Huketi juu ya jiwe pale getini, na kila gari la rangi ya fedha likipita barabarani hunyanyuka kidogo. Chai humpelekea yeye Wanyoike, na mara nyingi hupoa hivyo hivyo. Gachau akaeleza kwamba watu wazima hupenda kuota jua. Wanyoike akaenda zake na ndoo.

Jumatatu ya pili, gari limeshapita geti, simu ikalia: mteja wa Kahawa Wendani, safari ndefu, ya kwenda hadi Thika. Gachau akabonyeza kukubali. Alipoinua macho akamwona mama kwenye kioo. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, kidole mbele, kama anataka kuandika kitu hewani. Kisha akakumbuka. Akaushusha pole pole, akaufuta kwenye shali ingawa haukuwa na kitu.

Gachau alikanyaga breki. Kwa mara ya kwanza tangu kaka yake azikwe alihisi hofu ya barabara, hofu ya kweli, si ya nyota. Alijua lori ni nini. Alijua usingizi wa madereva wengine ni nini. Mambo hayo yote alikuwa akiyajua, na kila asubuhi mtu mmoja alikuwa akiyabeba kwa niaba yake, naye akamnyang'anya mzigo na kumwachia mikono mitupu. Akarudi kinyumenyume mpaka getini, akashusha kioo.

"Maitu, leta mafuta."

Mama akasema yule fundi wa Thika alikataza.

"Alikataza injini. Mimi si injini. Nipake mimi."

Mama akapandisha miwani. Akaingia ndani, akachelewa. Simu ililia mara mbili. Mteja wa Kahawa Wendani aliuliza kama dereva amepotea, kisha akafuta safari. Gachau akaiweka simu kifudifudi juu ya kiti. Mama alitoka na ile chupa ya jikoni, sasa ina vipande vya vitunguu chini, akasimama kando ya mlango. Hakumwaga bado.

"Na wateja wakishika pua?"

"Washike."

Akatoa kichwa nje ya dirisha. Mama hakuwa mtu wa kupimia. Mafuta yalishuka kwenye paji la uso, yakaingia kwenye nyusi, yakapita sikioni hadi kwenye kola ya shati alilolipiga pasi mama mwenyewe. Kidole cha mama kikachora polepole, juu mpaka chini, kisha kikavuka. Aliomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, maombi marefu yasiyo na haraka ya Alhamisi wala Jumapili. Wanyoike, aliyekuwa anaosha gari la jirani, alisimamisha kazi na kuvua kofia.

Mama alipomaliza alimfuta jicho kwa ncha ya shali, akamgonga begani mara mbili.

"Nenda pole pole, Kagwe," akasema.

Gachau hakuwahi katika maisha yake kuacha kosa la mtu lipite. Akaitika, "Ee, Maitu," akapandisha kioo, akaondoka pole pole.